Asiyejua Hutoa Mji

Kitendawili!

Nina jina la hisabu, walinipa wakulima,
Na jingine la ajabu, mto na mawe husema,
Baridi yangu adhabu, kwa wa Pwani walohama,
Nitajeni kwa jawabu, mimi mji gani, jama?

Aliyekwisha kufumbua na anyamaze kwanza, awaachie wenziwe. Aliyeshindwa na atoe mji, kwani hiyo ndiyo sharti ya kitendawili tangu zama za babu zetu. Mmoja hutega, mwengine hutegua, na asiyeweza huambiwa, "Nipe mji." Naye hutoa: "Chukua Mombasa," au "Chukua Lamu," au "Chukua Unguja." Mwenye kutega huupokea mji, akaenda zake huko kwa maneno, akala akanywa, akasalimiana na wenyeji, kisha akarudi na jawabu. Ndivyo tulivyokua sisi watoto wa Pwani, tukipeana miji ambayo mingine hatujaiona kwa macho yetu hata leo.

Mji wa kitendawili hicho ni Eldoret. Nilikuwa huko si zamani sana, nimekwenda kumjulia hali shangazi yangu, mama wa makamo ya juu, ambaye anakaa na mwanawe. Kutoka Mombasa ni mwendo wa kiasi cha kilomita 800, na mji wenyewe umekaa juu kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Pwani akishuka garini alfajiri hujuta kwa nini hakuchukua blanketi. Lakini ni mji uliochangamka, wenye misikiti yake na maduka yake na watu wa kila kabila. Na tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hadhi ya jiji, ukawa wa tano katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha niliwakuta wajukuu wa shangazi wameketi mkekani, kila mmoja na simu yake mkononi. Nikadhani ni yale yale tunayoyalalamikia kila siku, kwamba vijana wamekaa pamoja na kila mtu yuko peke yake. Nikakosea. Mmoja alisema, "Kitendawili!" Wenziwe wakaitika kwa sauti moja, "Tega!" Akatega: "Nina maili nne, lakini sitembei." Vidole vikaanza kukimbia juu ya vioo. Walikuwa wamefungua ramani ya mtandaoni, ile inayoonyesha dunia nzima kama ilivyopigwa picha kutoka juu angani, wanatafuta mahali palipofumbwa. Wa kwanza kupaweka alama ndiye mshindi. Haikupita dakika moja, kijana mdogo akapiga kelele: "Maili Nne!" Kumbe ni mtaa wa huko huko Eldoret, kwenye njia iendayo Uganda.

Akaja mwengine: "Nimetoka visiwa vya mbali vya ng'ambo, nimekuja kukaa mahali pasipo bahari." Huo ni mtaa uitwao West Indies, nao pia uko Eldoret. Nilicheka sana. Nikaona kwamba mchezo wa nyanya zetu umehamia katika simu na haukupoteza kitu: mwito ni ule ule, sharti ni ile ile, na anayeshindwa bado hutoa mji. Tafauti ni kwamba mji ukitolewa sasa, mtegaji huwachukua wenziwe hata huko kwa picha, wakauona mto wake, barabara zake na mapaa yake.

Wakanipa nafasi na mimi. "Ami, tega." Nikawatega hivi: "Nikiwa Mombasa naelekea kaskazini sawasawa, nikiwa Eldoret hupinda bega kidogo mashariki, na nyote mwaniiga mara tano kila siku." Walisumbuka nacho, kwani walikuwa wakitafuta barabara. Jawabu ni Kibla. Mombasa na Makka zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hivyo msalihina wa Mombasa huelekea kaskazini bila ya kupinda. Eldoret iko magharibi zaidi, basi mwenye kusali huko hupinda mashariki ya kaskazini kwa kiasi cha nyuzi 12. Walipopima katika ramani wakaona ni kweli, walifurahi kama waliookota dhahabu. Nami nilifurahi zaidi, kwani niliona wamefahamu kuwa ramani si kitu cha kigeni kwa Mwislamu. Kila siku tunasimama juu yake.

Kisha shangazi, aliyekuwa kimya pembeni akivuta tasbihi yake, akasema, "Nami nategeni basi." Wakamrekebisha kwa adabu: "Nyanya, wewe ndiye utakayetega." Akatega juu ya mtaa aliozaliwa, huko kwetu Pwani. Hakutaja jina. Alitaja kisima, msikiti mdogo wenye ngazi tatu, na mkunazi uliokuwa ukiangusha kunazi katika ua wa mwalimu wa chuo. Wajukuu walijua ni mji gani, wakaenda moja kwa moja hata pale penyewe, wakapakuza mpaka mapaa yakaonekana moja moja. Wakatafuta jina. Hapakuwa na jina la mtaa. Palikuwa na jina la nyumba ya wageni, na jina la mkahawa, yote mawili kwa Kiingereza. Kijana mdogo akainua uso akasema, "Nyanya, hapa hapana mtaa." Shangazi akamjibu kwa upole, "Hapo ndipo nilipozaliwa, mwanangu." Pakanyamaza.

Jina la mtaa huo silitaji makusudi. Wengi wenu mnao wenu kama huo, na kila msomaji na aweke lake hapo.

Sasa tuyatazame maneno haya kwa makini, kwani si ya kucheka tu. Katika mchezo wa kitendawili, asiyejua hutoa mji. Twaichukua kuwa ni dhihaka ya watoto. Lakini anayesoma tarikhi ya nchi yetu ataona kwamba miji na mashamba yametolewa kweli kweli kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa aliyeshika ramani hakuona jina la mtu juu yake.

Uwanda wa Uasin Gishu, ambako ndiko Eldoret iliko, ni mfano mkubwa. Jina lenyewe ni la Wamasai wa ukoo huo waliokuwa wakilisha ng'ombe zao huko, na baada yao Wanandi. Lakini mwaka 1903 Serikali ya Mwingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni uwanda huo wawe na makao yao, kama kwamba ni sahani isiyo na chakula cha mtu. Wajumbe wakatumwa kuutazama, na katika mkutano wao wa mwaka 1905 Wazayuni wakaukataa. Hawakuulizwa Wanandi wala Wamasai. Kisha mwaka 1908 msafara mkubwa wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ukateremka bandarini Mombasa, ukapanda gari la moshi hadi Nakuru, ukaendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka uwandani. Ardhi ikakatwa mashamba, na mashamba yakapewa nambari. Ndipo mji ukaitwa "Sikstifoo", yaani 64. Wengine husema ni nambari ya shamba palipojengwa afisi ya posta, na wengine husema ni hisabu ya maili kutoka kituo cha reli. Mwaka 1912 ukapewa rasmi jina la Eldoret, linalosemwa kuwa limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe, na herufi ya mwisho ikaongezwa kwa kufuata matamko ya Wanandi. Reli yenyewe ikafika mwaka 1924. Basi tazama: mtu akilifumbua jina la Eldoret, ndani yake atamkuta Mmasai, atamkuta Mnandi, na atausikia mto wa Sosiani ukipita juu ya majabali. Akilifumbua jina la 64, atakuta nambari tu.

Wala sisi wa Pwani tusidhani hayo ni ya bara peke yake. Mwaka huo huo wa 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi, iliyowataka wenye kudai mashamba katika ukanda wetu wajitokeze waandikishe madai yao. Waliosikia na kufahamu wakaenda. Wengi hawakwenda, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali. Mpaka leo ziko nyumba nyingi Pwani ambamo mjukuu anaishi kama mgeni juu ya makaburi ya babu zake. Jina lilikuwapo midomoni mwa watu, lakini halikuwapo katika karatasi.

Hata katika miji mikubwa jambo hili limeonekana katika zama zetu hizi. Kibera ya Nairobi, ambayo jina lake limetokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu. Lakini katika ramani za mtandaoni ilikuwa doa tupu. Mwaka 1996 tungesema hakuna la kufanya. Mwaka 2009 vijana wa huko huko walichukua vyombo vya kupimia, wakatembea vichochoro kwa miguu, wakaandika mabomba ya maji, shule, zahanati, misikiti na makanisa. Waliyaweka katika ile ramani huru iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha. Dar es Salaam nako, tangu mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wa mitaa walifanya kazi kama hiyo kwa jina la Ramani Huria, wakaandika mitaro na nyumba za mabondeni ili mafuriko yakija ijulikane ni nani atakayefikwa na maji. Hapo jina la mtaa si pambo. Gari la kuokoa haliendi pasipo na jina.

Uko pia mchezo mwengine wa ramani ambao dunia nzima imeushika. Unaitwa GeoGuessr, uliobuniwa na kijana wa Sweden mwaka 2013. Mchezaji hutupwa katika picha ya barabara fulani ya dunia, na kazi yake ni kukisia yuko wapi. Mabingwa wake ni watu wa akili kali, hushindana kwa mashindano makubwa ya kimataifa. Lakini sikilizeni namna wanavyoitambua Kenya. Huitambua kwa bomba la kuvutia hewa lililosimama ubavuni mwa gari lililopiga picha hizo, ambalo huonekana pembeni mwa picha. Hawana haja ya kuitazama milima yetu, wala nyuso zetu, wala vibao vya maduka yetu. Wakiliona bomba, wanasema "Kenya", na wanapata.

Hatuwalaumu, wanacheza kwa sharti za mchezo wao. Ila twasema kuna kujua na kujua. Mtu aweza kupata jawabu sahihi na asijue kitu. Kitendawili chetu hakimruhusu mtu hivyo. Ukitaka kufumbua "Kilindini" ni lazima ujue kilindi ni nini, ujue kwamba hapo maji ni ya kina na merikebu kubwa hupata kuegesha. Ukitegewa "mwembe usiookotwa embe, chini yake watu hupanda magari ya safari", hutajibu "Mwembe Tayari" mpaka uwe umewahi kusimama pale ukauliza nauli. Na ukiambiwa "Shela", mwenye kujua atauliza kwanza: ya Lamu au ya Malindi? Jina moja, bahari mbili za habari.

Na elimu ya namna hii ni yetu tangu kale. Al-Idrisi alipomchorea Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, aliweka kusini juu na kaskazini chini, na katika maelezo yake Malindi na Mombasa zimo. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, pande za Ras al-Khaimah ya leo, aliandika njia za bahari kwa mashairi, na mojawapo huitwa al-Sufaliyya, lihusulo njia ya kuja pwani yetu mpaka Sofala. Baharia alihifadhi miji na bandari kwa vina, kama mtoto wa chuo anavyohifadhi. Na hapa kwetu Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyeishi mpaka kiasi cha mwaka 1840, aliufumba mji wake katika mashairi hata wasomi wa leo wanayafumbua bado. Kwa hivyo kijana anayetega mtaa kwa kitendawili mbele ya ramani ya simu hajatoka katika mila. Yumo ndani yake, tena mbele.

Katika madrasa tulifunzwa kwamba elimu ya kwanza aliyopewa babaetu Adamu, juu yake amani, ilikuwa ni elimu ya majina. Twaisoma aya ile kila mwaka, lakini ni mara ngapi tunafikiri kwamba jina la kisima na jina la kichochoro nayo ni katika amana hiyo?

Kuna wenye kuhofu. Watasema kwamba majina ya mahali huchochea fitina, kwamba mtu akishajua hapa pana jina la nani, ataanza kusema hapa si pako. Hofu hiyo ina msingi, na Eldoret inaijua kuliko miji mingi. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, swali la "Wewe watoka wapi?" liliwatoa roho watu wasio na hatia katika vitongoji vya mji huo. Lakini tutazame swali lenyewe. Katika mkeka wa shangazi yangu liliulizwa swali hilo hilo, nalo likaleta kicheko na elimu. Sura ya al-Hujurat yatufunza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Aulizaye ili ajue hujenga. Aulizaye ili afukuze hubomoa. Kufuta majina hakuleti amani. Huleta doa tupu katika ramani, na doa tupu tumekwisha kuona hugawanywa na nani.

Basi twashauri mambo matatu, wala si ya gharama.

La kwanza, mchezo huu urudishwe majumbani, vyuoni na katika skuli zetu, khasa katika siku za Ramadhani baada ya tarawehe, wakati watoto wako macho na wazee wako karibu. Na iongezwe sharti moja: anayeshindwa asitoe mji mtupu. Akisema "Chukua Lamu," na aseme jambo moja la kweli analolijua juu ya Lamu. Asipokuwa nalo, na akaulize.

La pili, vijana wenye simu wawaketishe wazee wao, wayaandike majina ya mitaa, visima, bandari ndogo, mikahawa na misikiti, kisha wayaingize katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Wayaandike kwa tahajia ya wenyewe. Wasiandike jina kwa kukisia, na wasiweke wazi nyumba za watu wala mambo ya siri ya familia. Wakitafautiana wazee wawili juu ya jina moja, yaandikwe yote mawili, kama Eldoret inavyobeba 64 yake mpaka leo.

La tatu ni juu yetu sisi washairi. Tumetunga mengi juu ya mapenzi na siasa. Tuyatungie mafumbo mahali petu, moja moja, ili mtoto wa Pwani aliyezaliwa Eldoret, au Nairobi, au Maskati, apate njia ya kurudi kwao hata kwa maneno.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta yule kijana mdogo ameketi karibu na nyanya yake, kalamu mkononi, baridi imewafunika kwa shali moja. Alikuwa amechora kisima, msikiti wa ngazi tatu na mkunazi. Akamuuliza, "Na kati ya kisima na msikiti, nyanya, palikuwa na nini?" Shangazi akafumba macho kidogo, kisha akaanza kumtajia majina.

Wabillahi tawfiq.